Mwaka Kabureta Ilipoziba

Kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya tangu shuleni, na baada ya darasa la saba sikukaa tena kwenye dawati, kwa hiyo herufi nyingine nimeziweka kwa kubahatisha. Binti wa kaka yangu, anayenipigia chapa kurasa hizi, anasahihisha anachoweza, ila mahali pengine nimemkataza kwa sababu akimaliza kusahihisha naona maneno si yangu tena. Ninaandika polepole. Ukurasa mmoja hunichukua tangu chai ya asubuhi mpaka kuku wanaporudi bandani. Ukikuta mahali mstari umepinda, ujue hapo mkono ulikuwa hautaki kwenda.

Mwaka jana wakati wa mavuno tulimzika Baba Mdogo Lohay, pale Rhotia, nyuma ya nyumba yake ileile. Alikuwa ametibu watu wa vijiji vile kwa muda mrefu, watu wakamwita daktari ingawa mwenyewe alisema yeye ni mganga msaidizi tu. Waombolezaji walijaa mpaka barabarani. Siku ya pili ya msiba alikuja mwanamke mrefu, nywele fupi nyeupe, sweta safi limefungwa vifungo vyote, akaketi kwenye mkeka wa akina mama, akaomba kisu, akaanza kumenya ndizi pamoja nasi. Nilimjua kabla hajainua uso. Ni Naipanoi, muuguzi mstaafu sasa, ambaye mwanzoni mwa miaka ya themanini tulilala naye kitanda kimoja miezi kumi. Mama Mdogo, mjane wa marehemu, siku hizi haoni vizuri lakini anasikia. Akauliza huyo mgeni ni nani, akaambiwa. Akamwita mjukuu wake kwa sauti ambayo hakujali kuipunguza: "Nenda chumbani ukaniletee mkoba wangu. Niukalie hapa." Wanawake walitazama mkeka. Naipanoi aliendelea kumenya ndizi, ganda moja refu bila kukatika. Mimi niliendelea kuchambua mchele. Katika boma lile tulikuwa watu wawili tu tuliojua kwamba mkoba ule haukuwa na sababu ya kukaliwa, na mmoja wa hao wawili, yaani mimi, ndiye aliyepaswa kusema. Sikusema. Ndiyo maana naandika.

Sitaeleza nilivyofika kwa Baba Mdogo wala habari za wazazi wangu, hazihusiki hapa. Nitaeleza nyumba. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala na sebule, na sebuleni hatukukaa sisi, ilikaa pikipiki. Ilikuwa pikipiki ya serikali ya kupelekea chanjo, na Baba Mdogo aliogopa kuiacha nje hata mchana. Ilisimama kati ya meza na picha ya Bikira Maria, imefunikwa shuka jeupe alilolidarizi Mama Mdogo kwa uzi wa kijani, shuka zuri kuliko nililokuwa najifunika mimi. Tulikula tumeizunguka. Ugali ulinukia petroli kidogo, na hata leo nikipita kituo cha mafuta nahisi njaa. Mwaka ule petroli ilikuwa kwa kibali. Baba Mdogo alikwenda Karatu na karatasi yake yenye mhuri, akarudi na dumu moja, na dumu hilo liliwekwa chini ya kitanda chake kama mtoto mgonjwa. Chanjo zilikwenda Daa, zilikwenda vijiji vya chini, na mara moja kwa mwezi zilipanda mpaka juu, kwa wafugaji, ng'ambo ya geti la Ngorongoro.

Kila Jumamosi baada ya chai tulifungua kabureta. Nasema tulifungua, kwa sababu Baba Mdogo alikuwa na mikono ya kazi lakini macho yake ya karibu yalikuwa yameanza kumwacha, na miwani ilikuwa haipatikani. Alitandaza gunia barazani, akafunga koki ya tangi, akalegeza skrubu, akatoa bakuli la chini lenye boya ndani, kisha akachomoa jeti. Kwa asiyejua, jeti ni kijiskrubu cha shaba kisichozidi punje ya mahindi, kina tundu katikati la kupitisha petroli, jembamba kiasi kwamba vumbi kidogo tu linaizimisha pikipiki nzima. Hapo ndipo aliponiita. "Paskalina, njoo uwe macho yangu." Niliichukua jeti, nikaielekeza kwenye anga, nikatazama. Likionekana jicho la mwanga la duara, ni safi. Likionekana kama mwezi wa siku tatu, kuna uchafu. Kuusafisha hatukutumia waya, kwa sababu waya hupanua tundu na pikipiki inaanza kunywa mafuta kama mlevi. Tulitumia singa la mkia wa ng'ombe. Kazi ya kuling'oa ilikuwa yangu, na kazi ya kulipitisha ilikuwa yangu pia, ulimi nimeubana kwa meno. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Sikuwa msichana wa kuzungumza. Mgeni akibisha hodi nilikimbilia jikoni. Lakini Jumamosi asubuhi, kwa muda wa kama nusu saa, mtu mzima alisubiri niseme neno, na neno langu lilikuwa "safi" au "bado".

Jirani yetu Mzee Gwandu hakukosa hata Jumamosi moja. Alivuta kigoda chake mpaka barazani, akajifunika blanketi, akauliza: "Daktari, mgonjwa leo anasumbuliwa na nini? Tumbo?" Baba Mdogo akajibu, "Koo, mzee. Koo limeziba." Mzee Gwandu akanigeukia, "Na nesi anasemaje?" Nikainamisha kichwa, lakini nilipenda kuitwa nesi.

Nesi wa kweli alikuja mvua za masika zilipokatika. Naipanoi alitoka Nainokanoka, huko juu kwenye baridi, ambako Baba Mdogo alikuwa amemkuta akiwashikia akina mama watoto wakati wa chanjo na kuwatuliza kwa lugha yao. Alikuwa amemaliza darasa la saba kama mimi. Baba Mdogo alikubaliana na baba yake hivi: binti akae kwetu mwaka mmoja, asaidie zahanati, na akionyesha mwenendo mzuri mwaka ukiisha Baba Mdogo ataandika barua ya kumpeleka chuo cha uuguzi. Barua hiyo moja ndiyo iliyomleta, na sisi sote tulijua. Mimi pia ningependa chuo. Hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu, lakini nilimkasirikia Naipanoi kana kwamba aliniambia nikae kimya.

Tulilala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu. Alikuwa mrefu, akijigeuza nilibaki ukingoni. Aliongea Kiswahili cha shuleni, taratibu, kila neno limekamilika, na hakuogopa mtu. Mzee Gwandu alimtania siku ya kwanza, "Binti, huku kwetu tunakula mahindi, hatunywi damu, utakonda!" Naipanoi akamjibu, "Babu, wewe unakula mahindi miaka yote, mbona umekonda?" Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Mdogo naye akacheka. Nilikuwa nimekaa nyumba ile miaka miwili na sikuwahi kumchekesha Mama Mdogo hata mara moja.

Jumamosi yake ya tatu alikuja barazani akachuchumaa. Nilikuwa nimeitazama jeti, nikasema safi. Akasema, "Baba, naomba niipulize." Baba Mdogo akaichukua mkononi mwangu, akampa. Akaiweka midomoni, akapuliza. Ikatoa sauti nyembamba. Akatikisa kichwa. "Bado. Inalia kama filimbi yenye mate." Nikaitazama tena kwenye anga. Duara kamili. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi nilishangaa kuisikia, "Ni safi." Baba Mdogo akapitisha singa mwenyewe, kwa kupapasa, kwa kufuata neno lake, na kwenye ncha ya singa kikatoka kipande cha kitu, kidogo kuliko chawa, kilichokuwa kimejificha ubavuni ambako hakikuzuia mwanga. Naipanoi akapuliza tena. Safari hii ililia sawasawa. Mzee Gwandu akapiga paja: "Daktari, una macho, sasa umepata na masikio! Bado pua tu, ufungue hospitali." Walicheka. Singa lile nilikuwa nimeling'oa mimi.

Halafu kuna habari ya sindano. Pikipiki ile ilikuwa na ugonjwa wa kudumu: huku Rhotia ilikwenda vizuri, ikianza kupanda kuelekea geti inakohoa, inatoa moshi mweusi, na ukifika juu unaisukuma. Kila safari Baba Mdogo alidhani ni uchafu, na sisi tukafungua tukasafisha, tukafungua tukasafisha. Naipanoi alisikiliza malalamiko hayo wakati wa chakula, akamaliza tonge lake, akasema, "Baba, huko kwetu pampu ya maji ya ng'ombe ilitapika moshi hivyohivyo. Fundi aliitoa huku chini, akaifunga bila kubadili kitu. Mwingine akaja akashusha sindano ngazi moja, ikapona. Alisema juu hewa ni kidogo, ukiipa mafuta ya bondeni inavimbiwa." Ndani ya kabureta kuna sindano ndefu yenye mikato shingoni, na kibanio kinachokaa kwenye mmojawapo wa mikato hiyo. Mimi nilikuwa nimeiona sindano ile mara zaidi ya hamsini. Nilijua ina mikato mitano. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ina mitano. Wakahamisha kibanio, na wiki iliyofuata Baba Mdogo alirudi kutoka juu kabla ya chakula cha mchana, anaimba. "Imepanda kama mbuzi! Mama Naipanoi, umeniponya mimi na mashine!" Alimwita mama. Mimi alikuwa ananiita Paskalina.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama alinitendea ubaya wowote, na sikumbuki. Alinipa nusu ya sabuni yake wakati sabuni haikupatikana. Alinisuka. Alitaka kunifundisha kusikia, akanipulizia jeti karibu na sikio, "Hii chafu, hii safi, umesikia?" Nikasema nimesikia, nami sikusikia tofauti yoyote. Wivu wangu haukuwa wa kelele. Nilihesabu. Nilihesabu mara ngapi Baba Mdogo alimtazama yeye akiwa anasimulia mambo ya zahanati na mara ngapi alinitazama mimi. Nilijua ni vipande vingapi vya nyama vimekwenda kwenye sahani yake. Jumamosi nilikuwa bado naitwa, lakini nilipotamka "safi" Baba Mdogo alimgeukia yeye, na mpaka yeye apulize neno langu lilikuwa linaning'inia tu.

Mama yake Naipanoi alimtumia kibuyu cha maziwa. Kilikuwa chembamba, kirefu, kimeshonewa shanga nyekundu na buluu shingoni. Kwao kibuyu hakioshwi kwa maji na sabuni. Wanachoma kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, na ncha yake ikiwa kaa jekundu wanaiingiza ndani na kuisugua, kisha wanakung'uta masizi kwa mkia wa ng'ombe, na kinachobaki kwenye kuta ni weusi laini unaoyapa maziwa harufu ya moshi na kuyazuia yasiharibike. Naipanoi aligandisha humo maziwa ya ng'ombe wetu. Baba Mdogo alimwagia kwenye ugali, akafumba macho. "Haya ndiyo maziwa." Yaliyotangulia, miaka miwili yote, nilikuwa nimeyagandisha mimi kwenye chungu. Kibuyu kilitundikwa kwenye msumari juu ya kitanda chetu, na chumba changu kikanukia nyumba ya mtu mwingine.

Siku ya dumu ilikuwa Alhamisi, asubuhi. Baba Mdogo na Naipanoi wako zahanati. Mama Mdogo alikuwa anatoka kwenda shambani, jembe begani, akasikia harufu, akainama chini ya kitanda. Dumu lilikuwa limepata ufa. "Paskalina! Tafuta chombo upesi, mafuta ya serikali yanamwagika! Yakiisha kumwagika utamweleza baba yako mdogo wewe!" Akaenda zake, kwa sababu vibarua walikuwa wanamsubiri. Mlangoni jikoni kulikuwa na debe la mafuta ya taa, tupu, kavu, lina kifuniko. Nililiona. Nataka ieleweke vizuri kwamba nililiona. Nikapita kando yake, nikaingia chumbani, nikashusha kibuyu kwenye msumari. Hakikuwa na maziwa siku hiyo. Nikamimina ndani petroli iliyokuwa imebaki, mpaka shingoni, kwa uangalifu, bila kumwaga hata tone, nikijua kwamba kibuyu kikishakunywa petroli hakitashika tena maziwa maisha yake yote. Kuhusu kabureta sikufikiri hata kidogo. Mchana Baba Mdogo aliporudi pikipiki ilikuwa imekwisha jazwa. Nilikuwa nimemimina mwenyewe kwenye tangi, kupitia kitambaa cha kuchujia, akanipongeza kwa akili ya haraka. Hakuuliza mafuta yalikaa wapi kati ya dumu na tangi.

Jioni Naipanoi alishusha kibuyu, akanusa. Akakaa kitandani nacho mapajani. Nilisema kabla hajauliza: dumu limepasuka, Mama Mdogo alisema nitafute chombo. Akaniuliza, "Debe halikuwepo?" Nikasema sikuliona. Akakitundika tena mahali pake. Hakumwambia mtu.

Jumatatu pikipiki ilizimika njia ya Daa. Baba Mdogo aliisukuma kurudi, barafu ya kwenye kasha la chanjo imeyeyuka, akina mama huko wamesubiri na watoto mgongoni mpaka jua kali wakarudi makwao. Tukafungua. Naipanoi akasafisha, akapuliza, akasema imelia sawa, akafunga yeye mwenyewe, kwa sababu wakati huo kufunga ilikuwa kazi yake. Ikawaka kwa kiki moja. Ikafika kanisani, ikazima. Tukabadilisha plagi. Ikafika mbele kidogo ya kanisa. Tukaosha chujio la koki, tukatikisa boya tusikie kama limeingia mafuta, tukapuliza mpira wa kutoka kwenye tangi. Kila tukisafisha inawaka, kila ikiwaka inakwenda kama kilomita moja, inakohoa, inakufa. Mzee Gwandu hakutania tena. Ijumaa niliinua jeti kwenye anga na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona maisha yangu yote ya kutazama jeti. Halikuwa vumbi. Ulikuwa utando, mweupe unaoelekea njano, kama unaoganda juu ya mchuzi uliopoa, na ndani ya utando chembe nyeusi laini. Nikaelewa palepale. Siagi ya maziwa iliyokuwa imelowa kwenye kuta za kibuyu, petroli iliiyeyusha. Masizi ya oloirien yakaja nayo. Kitambaa hakikuweza kuvizuia, na kwenye tundu la jeti vikaganda pamoja. Baba Mdogo akauliza, "Unaona nini?" Nikasema, "Uchafu."

Siku hiyohiyo nilikuwa napepeta maharage nyuma ya nyumba, nikasikia wakiongea ndani. Mama Mdogo alisema, "Mashine ilikuwa nzima kabla binti huyu hajaigusa. Wewe umempa bisibisi kama fundi wa Arusha. Watu wa Daa wanasema daktari amechoka kazi." Baba Mdogo akasema, "Ana masikio mazuri." "Masikio yatakupeleka Daa?" Baba Mdogo akajibu kwa sauti ndogo, "Mwaka umebaki miezi miwili. Nimeahidi barua." "Barua ya nini? Utaandika kwamba anaua pikipiki?" Nilipepeta maharage. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nilifurahi hivi kwamba nilipepeta maharage yaleyale mara mbili.

Jumapili baada ya misa Naipanoi alinikuta bombani. Ndoo yangu ilikuwa imejaa inamwagika. Akasema, "Nimenusa bakuli la kabureta. Lina moshi wa nyumbani kwa mama yangu." Nikafunga bomba. "Paskalina, si lazima mimi niseme. Sema wewe, wakati wa chakula. Sema ulikosea chombo. Watakusamehe, wewe ni mtoto wao." Nikasema nitasema. Nilikusudia kusema. Nilipanga na maneno.

Tulikula wali siku hiyo, wali wa Jumapili, na kuku mmoja. Pikipiki imesimama pale na shuka lake. Nikala. Kila Baba Mdogo alipomaliza kuongea nilivuta pumzi, na kila nilipovuta pumzi mtu mwingine akaanza kuongea. Kuku akaisha. Naipanoi alinitazama mara tatu. Mara ya nne hakunitazama, akaweka kijiko chini. "Baba, nimejua kinachoziba. Siku dumu lilipopasuka petroli iliwekwa kwenye kibuyu changu. Ni mafuta ya maziwa na masizi. Tuoshe tangi, itapona." Baba Mdogo akageuka kwangu, bila ukali wowote. "Paskalina, uliweka kwenye kibuyu?"

Nikasema, "Hapana, Baba Mdogo. Kwenye debe."

Naipanoi aliinuka, akaleta kibuyu, akamwekea Baba Mdogo chini ya pua. Alidhani harufu itamtetea. Baba Mdogo akanusa, akaukunja uso. Lakini aliyeongea ni Mama Mdogo. "Yaani kuna petroli kwenye kibuyu chako, chumbani kwako, na sisi tunasukuma pikipiki? Sasa nimeelewa. Ulikuwa unachota. Unawapelekea wale wa pampu ya ng'ombe!" Naipanoi akasema, "Mama, siyo hivyo, muulize huyu." Wakanitazama wote. Nilitazama sahani. Machozi yalinitoka, na machozi hayo yalinisaidia, kwa sababu Baba Mdogo akasema, "Mwacheni. Paskalina hawezi kusema uongo. Huyu hata kuku hawezi kumfukuza." Ukimya wangu wa siku zote ndio ulioapa kwa niaba yangu. Mtu asiyeongea, watu wanadhani ndani yake hamna kitu ila ukweli.

Naipanoi hakulia. Alisema, mbele ya kila mtu, kama anayesoma darasani, "Mimi siibi. Huyu anajua. Nimemaliza." Akakusanya sahani, akaziosha, akazipanga. Asubuhi alipanda lori la mahindi lililokuwa linakwenda juu. Barua haikuandikwa. Nilimwonea wivu hata pale, mlangoni, nikimtazama anapanda: kwamba maneno yalikuwepo kinywani mwake alipoyahitaji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo padre peke yake ndiye aliyelisikia. Wiki hiyohiyo Baba Mdogo alipata petroli mpya. Nilimwambia tuoshe tangi kwanza. "Umewazaje?" Nikasema nimewaza tu. Tukamwaga mafuta yote, nikasuuza tangi mara mbili, nikaianika jeti juani, nikapitisha singa mpaka utando wote ukatoka, nikatazama anga, nikasema safi. Hakukuwa na mtu wa kupuliza. Pikipiki ikawaka, ikaenda Daa ikarudi, na haikuzima tena mwaka ule wote. Mzee Gwandu akasema, "Si mnaona? Mkono mrefu umeondoka, mashine imepona." Kila mtu akaona. Niliiponya kwa dawa aliyoitaja yeye mezani, na kupona kwake kukawa ushahidi wa kumfunga yeye. Ningeiacha imeziba, labda siku moja mtu angeuliza tena.

Baba Mdogo alinizawadia safari. Nilikuwa sijawahi kufika juu. Tulipita geti, tukapanda kwenye ukungu, msitu unadondosha maji, mimi nimemshika kiunoni. Pikipiki haikukohoa, haikutoa moshi. Akapaza sauti, "Unasikia inavyopumua?" Nikapaza sauti, "Ndiyo!" Sikusikia kitu. Ilikuwa inapanda kwa sababu sindano ilikuwa kwenye mkato alioichagulia Naipanoi, na hakuna aliyekumbuka kuirudisha. Tulisimama ukingoni, ukungu ukafunguka, nikaona kreta yote chini, na kitu pekee nilichokiwaza ni kwamba yeye huiona kila siku.

Naipanoi alifika chuoni, kupitia zahanati nyingine, baada ya miaka minne kupotea. Msibani, alipokuwa anaondoka, nilimsindikiza mpaka kwenye bodaboda. Akaniuliza, "Ulishawaambia?" Nikasema bado. Akafunga kifungo cha juu cha sweta. "Basi. Nilifikiri labda mzee amekufa akijua." Akapanda, akaenda.

Baba Mdogo amekufa hajui. Mama Mdogo yuko hai. Hasomi, lakini wajukuu wanasoma, na kurasa hizi zikishatoka mmoja wao atamsomea. Nataka asikie kwangu kwanza. Nimekwenda Rhotia mara tatu tangu msiba. Nimekaa karibu naye, nimekunywa chai, nimemsimulia bei ya mbaazi, nimerudi. Kwa hiyo nina ombi kwako uliyefika mpaka hapa. Kama umewahi kumwambia mtu mzee jambo la namna hii, jambo ambalo amelishikilia maisha yake yote na ni uongo wako, niandikie. Mchapaji atanifikishia. Usiniandikie kwamba Mungu husamehe, nimekwisha kuambiwa. Niandikie ulianzaje: ulikuwa umekaa au umesimama, na neno la kwanza lilikuwa lipi. Usikawie, tafadhali. Ana umri mkubwa, na mvua zikianza atakuwa anaumwa kifua.